Kondoo Walioliwa kwa Sababu ya Barabara

Nilipata kazi ile kwa sababu ya mwandiko. Chifu alikuwa ameombwa atafute kijana wa huku Tigania anayejua kusoma, kuandika na kuuliza watu maswali bila kugombana nao, akakumbuka kwamba nusu ya barua za malalamiko zinazofika mezani kwake huandikwa na mimi. Sikuwa nimesoma sana. Niliishia darasa la nane. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe: Kiswahili kwa kunakili magazeti yaliyofungiwa sukari, na hesabu kwa kitabu kisicho na jalada ambacho mwalimu mmoja aliniachia alipohamishwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilipokosea herufi moja nilichana ukurasa mzima nikaanza upya, na jambo hilo nilijivunia kama watu wanavyojivunia ukarimu.

Kazi yenyewe ilikuwa utafiti wa ajali za barabarani. Aliyeuongoza alikuwa daktari mwanamke kutoka chuo kikuu, mpole, mwenye sauti ya chini iliyotulazimisha kunyamaza ili tumsikie. Alitueleza kwamba hospitali huwajua waliofika hospitali, na polisi huwajua walioripotiwa kwao. Sisi tungeenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliobaki. Mwishoni ingechorwa ramani ya kuonyesha watu wanagongwa wapi, na penye majeruhi wengi ndipo matuta ya barabarani yangejengwa kwanza. Matuta hayangetosha kila mahali. Hilo alilisema mara mbili, nami nikaliandika na kulipigia mstari kwa rula.

Mafunzo yalikuwa Embu, juma zima, katika ukumbi wa kanisa. Kanuni iliyonikaa moyoni kuliko zote ilikuwa hii: andika anachosema mhojiwa, usiandike unachokijua wewe. Nakiri kwamba niliipenda mno. Ilikuwa kanuni nzuri kwa mtu mwoga. Mtu akiifuata hawezi kulaumiwa.

Kwa majaribio nilipelekwa upande wa Kiambere, kwenye joto na vumbi la Umbeere, mahali nisipojulikana na mtu. Huko watu walinieleza kila kitu. Mama mmoja aliushika mkono wangu akaupeleka kwenye kovu la bega lake. "Gusa," akaniambia, "ili usije ukaandika uongo." Nilijaza fomu zangu bila kisanduku hata kimoja kubaki kitupu, na daktari aliziinua mbele ya wenzangu. Baada ya hapo wenzangu wawili wakatumwa Timau kwenye mashamba ya ngano, nami nikarudishwa kwetu, Muthara.

Hapa sina budi kueleza habari za mama yangu.

Nyumba yetu iko upande wa juu wa barabara, soko liko upande wa chini. Mama alikuwa akiuza ucuru, uji wa mtama uliochachuka kwenye kibuyu, na kila siku alivuka barabara kwenda na kurudi. Miaka miwili kabla ya utafiti aligongwa na pikapu ya miraa. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa pikapu za miraa. Asiyezijua na aelewe tu kwamba miraa ikichelewa kufika Nairobi inakuwa majani ya mbuzi, kwa hiyo dereva anayebeba vibunda vile hamwoni mtu barabarani, anaona saa. Mfupa wa paja ulivunjika. Uliungwa, ila uliungana ukiwa umepinda, na tangu siku ile mama alivuka akiuburura mguu mmoja. Wenzake walitoka upande huu wakafika ng'ambo kabla yeye hajafika katikati. Tuta pale sokoni lingekuwa jambo jema kwa kila mtu. Kwa mama lilikuwa jambo la kufa na kupona, na sote nyumbani tulilijua hilo.

Lakini ajali ile ilikuwa imelala. Kwetu, gari likimuumiza mtu, watu wa dereva hawangoji polisi. Wanakuja na kondoo dume na kibunda cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba, wazee wanaketi, maneno yanasemwa, kondoo analiwa. Baada ya hapo jambo lile halitamkwi tena. Si kwamba limesamehewa tu, limeondolewa. Anayelitaja ni kama anayefukua kaburi, na inaaminika kwamba likimrudia mtu wa nyumba hiyo, yeye ndiye aliyeliita. Kondoo wa mama aliliwa nyumbani kwetu. Tangu siku hiyo sikumsikia baba akitamka neno pikapu mbele ya mguu ule.

Nilianza kazi Muthara siku ya Jumatatu. Wanawake wa sokoni walikuwa wamekwisha kupata habari.

"Karani wa ajali huyo!" mmoja alipaza sauti. "Ficheni miguu!"

"Unaandika waliogongwa na magari pekee? Mimi nimegongwa na mume."

"Huyo mwandike, mwari, ana majeraha ya miaka ishirini!"

Walicheka, nami, mwari wao, binti wa pale pale, nikacheka, nikibana fomu kwenye ubao wa kuandikia. Kisha nikaanza kuuliza. Katika nyumba hii, kuna mtu aliyewahi kuumizwa na gari? Hakuna. Nyumba ya pili: hakuna. Ya tano: hakuna. Nilimkuta fundi wa viatu aliyetembea kwa mkongojo, mtu niliyemjua tangu utotoni. Naye akaniambia hakuna.

"Na mguu huo, mzee?"

"Mguu ni wangu, mwari. Wewe umeuliza ajali."

Alinitazama machoni, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mtoto adabu. Nilielewa. Nilijua fika kondoo wake aliliwa wapi, kwa sababu niliitwa kuteka maji siku hiyo. Nikaandika sifuri.

Jumatano nikafika nyumbani kwetu. Ningeweza kumwomba karani mwingine aje. Sikumwomba, kwa kuwa orodha ilisema nyumba zote za kijiji kile ni zangu, nami sikupenda orodha iwe na pengo. Baba alikuwa ameketi mlangoni akinoa panga. Mama alikuwa ndani, ameunyoosha mguu mbele yake, akisafisha kibuyu kwa kijiti. Nilisimama wima kama mgeni na kumsomea swali kama lilivyoandikwa.

Jiwe la kunolea likanyamaza.

Mama aliniangalia. Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe lilivyohitaji, halafu akatazama kalamu yangu, halafu akanitazama tena usoni.

"Hakuna," akasema.

Jiwe likaendelea. Nami nikaandika sifuri, sifuri ya mviringo mzuri, katikati kabisa ya kisanduku. Moyoni niliona nimefaulu mtihani mgumu. Nilijiambia kwamba mtu mwingine angeshindwa na mapenzi ya mama yake akaharibu takwimu.

Miezi michache baadaye tuliitwa mjini Meru kuonyeshwa ramani. Ilibandikwa ukutani, na kila aliyeumia alikuwa na pini nyekundu. Timau ilikuwa na pini zilizosongamana kwenye njia ya wafanyakazi wa mashambani. Barabara ya chini kuelekea Kiambere ilikuwa nazo. Muthara palikuwa peupe kama kucha.

Daktari alisimama mbele ya weupe ule akiwa amekunja mikono.

"Hapa kuna soko," alisema. "Kuna pikapu zote zile. Na hakuna hata mmoja?"

"Ndivyo walivyosema, daktari."

"Wewe ni wa pale. Mwenyewe unaonaje?"

Swali hilo nimelijibu mara nyingi tangu siku ile. Nimelijibu nikifua, nikivuna kahawa, nikiwa kanisani wengine wanaimba. Siku ile nilikuwa na nafasi ya kusema: mama yangu ni mmoja, fundi wa viatu ni wa pili, na wengine ninaweza kukupeleka mlangoni. Lakini kusema hivyo kungekuwa kukiri kwamba fomu zangu safi hazikuwa na ukweli ndani, na kwamba nililijua hilo wakati nikizijaza. Wenzangu walikuwa wakinitazama.

"Fomu zimekamilika," nikasema. "Hakuna kisanduku kilichobaki kitupu."

"Hilo ni kweli," daktari akasema, akatabasamu kidogo, akasogea upande wa pili wa ramani.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikilirudia neno lile la sifa kimoyomoyo.

Matuta yalijengwa Timau, mengine upande wa Kiambere. Sijutii hayo. Watu wa huko walisema ukweli wao na walistahili. Mama alipata habari sokoni, akaniuliza tukiwa jikoni, akichochea sufuria bila kugeuka.

"Nasikia Timau wamejengewa."

"Ndiyo, mama."

"Na kwetu?"

"Kwetu hawakupata watu walioumia."

Aliendelea kuchochea. Nilingoja anikemee, na nadhani ningeshukuru.

"Haya," akasema. "Watu wa Timau pia wana mama zao."

Siku ajali ilipotokea nilikuwa nyumbani. Ilikuwa siku ya soko, jua la saa sita, wakati ule pikapu zinapotoka kwa mpigo mmoja. Nilikuwa mezani nikinakili fomu ya zamani iliyoingia doa la chai, fomu ambayo hakuna aliyeiomba tena. Nilisikia honi ndefu, kisha nikasikia soko zima limenyamaza. Sijawahi kusikia soko likinyamaza kabla ya siku ile wala baada yake. Nilitoka mbio bila viatu.

Mama alikuwa karibu kumaliza kuvuka. Ndivyo walivyoniambia wote: alikuwa amebakiza hatua mbili tu. Uji ulikuwa umemwagika na kusambaa kwenye lami, na wanawake walikuwa wameshikana mikono kuzunguka mahali alipolala ili magari yasipite. Dereva alikuwa kijana wa rika langu. Alikuwa amekaa kando ya barabara akilia kama mtoto mdogo, tanboi wake, msaidizi wa gari, akimvuta shati na kumwambia wakimbie, naye hakukimbia.

Mama aliishi siku tisa hospitalini. Siku ya nne akili yake ilikuwa imetulia, akaomba maji. Nilimnywesha kwa kijiko. Sikuwa nimepanga kusema lolote, lakini maneno yalinitoka.

"Mama, mimi ndiye niliyeandika hakuna."

"Najua. Nilikuona."

"Lakini ni wewe uliyesema hakuna."

"Ningesema nini, na baba yako pale mlangoni?" Alipumzika, akavuta pumzi. "Mimi nisingeweza kulitaja. Lakini wewe ulikuwa na kalamu. Nilikuangalia ili uandike."

Nilibaki nimeshika kijiko.

"Nilidhani umenielewa," akasema. Halafu akanihurumia, jambo ambalo sijui kama nitalisahau, akasema, "Maji ni matamu. Ongeza."

Tulimzika upande wa juu wa shamba, mbali na barabara, kama baba alivyotaka. Majuma machache baadaye watu wa dereva walikuja. Kwa kifo mambo huwa makubwa zaidi, kuna siku nyingi za kukaa na wazee wengi zaidi, ila huanza vilevile: kondoo kwa kamba, miraa ndani ya majani ya mgomba. Walimfunga kondoo kwenye mparachichi na kwenda kuketi. Nilipeleka viti. Nilipokuwa nikipita karibu na yule kondoo nilimsikia mzee mmoja mchinjaji, aliyekuwa akijaribu makali ya kisu kwa kidole gumba, akinung'unika peke yake.

"Huyu ni mnono kuliko yule wa fundi viatu."

Nilisimama. Sijui nieleze vipi. Mzee alikuwa ametaja kilichokatazwa, na hakuona kwamba ametaja kitu, kwa sababu alimtaja kondoo.

Nilichuchumaa kando yake. "Mzee," nikamuuliza, "wewe umechinja kondoo wangapi kwa sababu ya hii barabara?"

"Wangapi?" Alifikiri. "Toka lami ije? Ah, ni wengi, mwari. Kulikuwa na yule mwenye uso mweupe, tulimla pale kwa mjane wa juu. Kulikuwa na yule aliyekonda, ule ulikuwa ubahili mtupu."

"Na yule mweusi!" mzee mwingine akadakia akisogeza kiti. "Umemsahau mweusi."

"Mweusi alikuwa wa mambo ya shamba."

"Shamba gani? Alikuwa wa pikapu, ya pale kona. Ini lake nililila mimi! Mtu hasahau ini."

"Wewe husahau kila kitu isipokuwa ini."

Wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka wako wapi na kuinamisha vichwa. Lakini walikuwa wameanza, wala hawakuacha. Kwetu watu hawahesabiwi, hata mzazi hatakuambia ana watoto wangapi, atakujibu ni wale Mungu aliompa. Ila mifugo huhesabiwa, na wazee wanaokula pamoja hawamsahau hata mmoja. Niliuliza kila kondoo aliliwa nyumba gani, na alikuja kwa sababu ya gari lililokuwa wapi: sokoni, kona, njia ya kisima. Hawakumtaja mtu yeyote. Hawakutaja jeraha. Mimi nilijua ni nani kwa kila boma, na nani hayupo tena. Nilikuwa nimechukua karatasi iliyozungushiwa kibunda cha miraa juu ya majani ya mgomba, yenye unyevu, na juu yake nikaandika kwa haraka, nikifuta na kukosea, mistari ikipandana. Ilipojaa upande mmoja niliigeuza.

Wengi wao walikuwa wa sokoni.

Baba alikuwa ameniona.

Nilimpelekea daktari karatasi ile mjini Meru. Nilimweleza yote, pamoja na lile swali aliloniuliza mbele ya ramani na jibu nililompa. Niliona uso wake ukibadilika nilipofika kwa mama. Akaweka kidole kwenye karatasi.

"Hawa kondoo ndio watu?"

"Ndio watu."

"Kwa hiyo tulipaswa kuuliza habari za kondoo." Alivua miwani. "Swali lile niliandika mimi. Kosa hili tunagawana."

Nilimwambia hapana. Yeye hakujua, mimi nilijua. Hakubishana nami, na kwa hilo ninamheshimu. Aliniambia ramani imekwisha kwenda kwa wahandisi, lakini angeandika nyongeza ikiwa ningemletea fomu halali, moja kwa kila nyumba, wenyewe wamekubali. Nilirudi na bunda la fomu mpya. Safari hii niliuliza kwanza: katika nyumba hii amewahi kuliwa kondoo kwa sababu ya gari? Walijibu. Fundi wa viatu alicheka kwa uchungu, akasema, "Sasa umejua kuuliza." Wengine, wakishamtaja kondoo, waliendelea wenyewe taratibu hadi kwenye mguu, kwenye mkono, kwenye mtoto.

Nyumba yetu niliiacha ya mwisho. Nilimkuta baba mlangoni. Nilishindwa kusoma swali. Karatasi ilikuwa mbele yangu, na nililijua kwa moyo. Baba alisubiri. Mwishowe yeye ndiye aliyesema, akiangalia barabara.

"Unataka kuniuliza habari za kondoo."

"Ndiyo, baba."

"Acha kondoo." Alijikuna shavu, ndevu zilikuwa zimemea kwa msiba. "Mama yako aligongwa na pikapu pale sokoni. Mara mbili. Mara ya kwanza wazee walikuja tukanyamaza. Andika kwamba ni mimi niliyenyamaza."

"Hakuna mahali pa kuandika hivyo, baba."

"Tafuta mahali."

Niliandika pembeni, nje ya visanduku.

Matuta mawili yalijengwa pale sokoni mwaka uliofuata, kabla ya mvua. Hayakuwa makubwa. Juma la kwanza nilikuwa nimesimama hapo na debe la maji, pikapu ikaja ikiruka, dereva akakanyaga breki, vibunda vikamwangukia tanboi mgongoni.

"Nani aliyeleta upuuzi huu hapa?" dereva akapiga kelele dirishani. "Hapa kuna nini cha kuwekea tuta?"

Wanawake wa ucuru walinitazama, kisha wakatazama chini. Nilikuwa na mengi ya kumjibu.

"Pita pole pole," nikamwambia. "Watu wanavuka."